Darasa Kando ya Ziwa: Afya ya Mtoto wa Kigoma na Masomo ya Nje

Mtoto anayekulia Kibirizi, Katonga, Bangwe au Ujiji hulijua ziwa kabla ya kujua kusoma. Anajua kwamba usiku wa giza taa za wavuvi hutapakaa majini mithili ya mji mwingine, na kwamba mbalamwezi ikishatanda dagaa huadimika sokoni. Anaweza kutofautisha mgebuka na kuhe kwa kuwatazama tu. Anapoanza shule, ziwa hilohilo hugeuka maneno ubaoni: Ziwa Tanganyika lina urefu wa takriban kilomita 670, kina chake kinakaribia meta 1,470, na ni la pili kwa kina duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Mtoto hukariri, hujibu mtihani, na kengele ya mwisho ikilia hushuka mwaloni kuchota maji, kufua au kuoga. Aghalabu hakuna mtu mzima wa kumweleza kwa nini maji yaleyale yanayomlisha yanaweza pia kumwangamiza.

Hapo ndipo masomo ya nje yanapokuwa suala la kitabibu. Walimu na wazazi wengi husita kuwatoa watoto darasani kwa kuhofia maji, jua, nyoka na magonjwa. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, katika manispaa iliyojengwa ufukweni, hatari hizo haziletwi na somo. Mtoto hukutana nazo kila siku, somo liwepo au lisiwepo. Kinachoweza kubadilika ni maarifa anayokwenda nayo, na kama aliwahi kufika hapo akiwa na mtu wa kumfundisha.

Jambo lisilo geni

Kufundisha nje ya kuta si mgeni nchini Tanzania. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotaka shule iwe sehemu ya maisha ya jamii inayoizunguka, yenye shamba na kazi za mikono. Katika shule nyingi wazo hilo lilififia kadiri miaka ilivyopita, na mahali pengine jembe likageuka adhabu ya mchelewaji. Mtoto aliyepelekwa shambani kwa kuadhibiwa hawezi kuona kwamba shamba ni kitabu.

Kigoma ina historia yake ya pekee katika jambo hili. Jane Goodall aliwasili Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma, mwezi Julai 1960 kuchunguza maisha ya sokwe. Miaka 31 baadaye, mwaka 1991, alikutana jijini Dar es Salaam na kikundi kidogo cha wanafunzi waliosikitishwa na hali ya mazingira na wanyama, na kutokana na mkutano huo ukazaliwa mpango wa vijana wa Roots & Shoots. Mpango huo umeenea katika nchi nyingi duniani, na shule za Kigoma ni miongoni mwa zenye vikundi vyake. Mwaka 1994 taasisi yake ilianzisha mradi wa Tacare katika vijiji vinavyozunguka Gombe, ukiunganisha upandaji miti, maji safi, afya na elimu. Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, lakini somo la mradi huo limebaki: msitu ukikatwa mlimani, udongo hushuka ziwani, mazalia ya samaki huharibika, na mwishowe athari huonekana katika sahani ya mtoto na katika kadi yake ya kliniki.

Kuna kikwazo kimoja cha fikra kinachostahili kutajwa waziwazi. Kwa Watanzania wengi, maneno "kusomea chini ya mwembe" ni kilio cha ufukara, yaani shule isiyo na madarasa ya kutosha. Tangu michango ya lazima ilipofutwa katika shule za msingi za umma mwezi Januari 2016, idadi ya wanafunzi iliongezeka kwa kasi na madarasa mengi yakafurika. Ndiyo maana mzazi akimkuta mwanawe amekaa kivulini anaweza kudhani kwamba shule imeshindwa. Ni wajibu wa mwalimu kumweleza tofauti. Mtoto aliyekosa darasa ananyimwa haki yake. Mtoto aliyetolewa nje kwa saa moja, akiwa na lengo, daftari na kitu cha kuchunguza, ameongezewa darasa la pili.

Mwili na akili hupata nini

Faida iliyothibitishwa vizuri zaidi inahusu macho. Mtoto anayetumia saa nyingi akitazama vitu vya karibu ndani ya nyumba yumo hatarini kupata miopia, yaani upungufu wa kuona vitu vya mbali. Mwaka 2015 jarida la JAMA la Marekani lilichapisha utafiti uliofanyika katika shule 12 za msingi jijini Guangzhou, China. Wanafunzi wa darasa la kwanza katika shule 6 waliongezewa dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya shule, na wenzao wa shule 6 nyingine wakaendelea na ratiba ya kawaida. Baada ya miaka 3, takriban asilimia 30 ya watoto wa kundi la kwanza walikuwa wamepata miopia, ikilinganishwa na karibu asilimia 40 ya kundi la pili. Wataalamu wanaamini kwamba mwanga mkali wa mchana huchochea retina kutoa dopamini, ambayo huzuia mboni ya jicho isirefuke kupita kiasi. Tatizo hili bado ni dogo Afrika Mashariki likilinganishwa na Asia ya Mashariki, lakini simu zimeingia majumbani, na mtoto asiyeona ubao mara nyingi huitwa mzito wa kuelewa kabla ya kupimwa macho.

Faida ya pili ni ya mwili mzima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli za mwili zenye nguvu ya wastani au zaidi. Kutembea kutoka shuleni hadi mwaloni, kupima kivuli cha mti kwa hatua, au kupanda kilima ili kutazama mteremko wa udongo ni hesabu, jiografia na mazoezi kwa wakati mmoja. Faida ya tatu ni hewa. Mafua, surua na kifua kikuu husambaa kwa urahisi katika chumba kilichojaa watu na chenye madirisha machache. Nje, hewa inayotoka kwa mgonjwa hutawanyika haraka. Faida ya nne hutajwa na walimu wenyewe: mtoto asiyeweza kutulia dawatini mara nyingi ndiye wa kwanza kumwona mdudu aliyejificha chini ya jani.

Ziwa kama somo la afya

Kichocho ndicho kinachopaswa kufundishwa mwanzo. Aina inayopatikana zaidi katika ukanda wa ziwa hili ni kichocho cha tumbo. Mtu mwenye minyoo hiyo akijisaidia ufukweni au kandokando ya kijito, mayai hufika majini na kuanguliwa, kisha vimelea huingia ndani ya konokono wadogo wa maji baridi. Baada ya wiki kadhaa konokono hutoa viluwiluwi vya mnyoo visivyoonekana kwa macho, hasa jua linapokuwa kali, takriban kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Viluwiluwi hivyo hupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Mtoto huanza kuumwa tumbo, kuharisha au kutoa damu katika choo, kupungukiwa damu na kudumaa. Ugonjwa ukiachwa kwa miaka, ini na bandama huvimba na mgonjwa anaweza kutapika damu. Mzunguko huu haumhusu binadamu peke yake: watafiti waliwahi kuwakuta nyani wa Gombe wakiwa na minyoo hiyohiyo.

Somo hili hufundishwa ukingoni, miguu ikiwa mikavu. Watoto huonyeshwa mahali konokono wanapopenda kuishi, yaani penye magugu na maji yaliyotulia, hasa karibu na midomo ya vijito na makazi ya watu. Makombe makavu yaliyotupwa mchangani yanatosha kwa kuchora na kuhesabu. Hakuna sababu ya mwanafunzi kuingia majini kuwatafuta walio hai. Baada ya hapo watoto hutembelea vyoo vya shule, kwa kuwa nusu ya somo la kichocho iko chooni. Dawa ya prazikwanteli, inayotolewa bila malipo katika kampeni za shuleni, huua minyoo iliyokomaa lakini haimkingi mtoto asiambukizwe tena. Mtoto aliyeelewa mzunguko huo hatashangaa akiitwa kumeza dawa mwaka unaofuata.

Kuzama ni hatari nyingine, nayo haina subira. Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024, watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu mmoja kati ya watano alikuwa na umri wa miaka 5 hadi 14. Shirika hilo linapendekeza watoto wa umri wa shule wafundishwe misingi ya kuogelea na usalama wa majini. Huko Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umeonyesha kwamba hilo linawezekana hata katika jamii inayozingatia stara: wasichana hujifunza kuogelea wakiwa na mavazi yanayofunika mwili. Kwa mji kama Ujiji, wenye historia ndefu ya Uislamu, mfano huo una maana kubwa.

Hapa mhudumu wa afya hukabili mvutano wa kweli. Kumfundisha mtoto kuogelea ziwani ni kumwingiza katika maji yanayoweza kuwa na kichocho. Kumzuia ni kumwacha aje aingie mwenyewe siku asiyojua kuogelea. Mzani unaelekea upande wa kufundisha, kwa kuwa kichocho kina dawa na aliyekwisha kufa maji hana. Ila masharti lazima yafuatwe: ufukwe wa mchanga ulio wazi na usio na magugu, mbali na midomo ya mito ambako mamba na viboko huweza kuwapo, saa za asubuhi na mapema, mtu mzima anayejua kuokoa, na dawa ya kichocho kila kampeni inapofika. Kila mtoto, aogelee asiogelee, afundishwe kwamba mwenzake akizidiwa majini harukii kumfuata, bali anapiga kelele na kumtupia kamba au dumu tupu lililofungwa kifuniko. Mtoto akiopolewa hapumui, huanza kupuliziwa pumzi mdomoni na kukandamizwa kifua papo hapo. Kumning'iniza kichwa chini ili atoe maji ni kupoteza dakika za uhai wake.

Kipindupindu nacho kina kumbukumbu mbichi mkoani. Mwezi Mei 2015 maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijazana Kagunga, kijiji cha ufukweni karibu na mpaka, penye vyoo vichache na maji ya ziwa ndiyo ya kunywa. Mlipuko ulizuka hapo, na meli ya MV Liemba ikatumika kuwasafirisha watu hadi Kigoma mjini. Katika miaka ya karibuni kina cha ziwa kimepanda na kumeza sehemu za fukwe, na choo kilichofikiwa na maji hugeuka chanzo cha ugonjwa. Mwanafunzi anayechomeka fimbo yenye alama pembezoni na kuandika vipimo kila wiki anajifunza hesabu, na papo hapo anajua kwa nini maji ya kunywa lazima yachemshwe au kutiwa dawa.

Malaria haina haja ya safari ndefu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 uliikuta Kigoma ikiongoza nchini kwa maambukizi ya malaria kwa watoto wa chini ya miaka 5, takriban asilimia 24, ilhali wastani wa taifa ulikuwa karibu asilimia 7. Dimbwi la mvua lililo uani mwa shule ni maabara tosha. Mwalimu akichota kwa upawa mweupe, watoto wataona kiluwiluwi cha mbu wa malaria kikilala sambamba na uso wa maji, na cha mbu wa aina ya Kuleksi kikining'inia kichwa chini. Kisha dimbwi linafukiwa, na hilo ndilo zoezi la mwisho la somo.

Watoto wa kuangaliwa kwa makini

Somo la nje halipaswi kumwacha mtoto yeyote nyuma, wala kumdhuru kwa kumtendea kama wengine wote. Mtoto mwenye ualbino huunguzwa na jua tangu utotoni, na saratani ya ngozi hufuata mapema maishani. Anahitaji kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu, kivuli na mafuta ya kukinga jua. Hospitali ya KCMC mjini Moshi hutengeneza mafuta ya Kilisun kwa ajili hiyo. Kwa kuwa uoni wake ni hafifu, akaribishwe mbele, aguse na kushika kinachofundishwa. Ratiba iliyopangwa kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 10 jioni humfaa yeye na kuwapunguzia wenzake joto.

Kila mwaka watoto wapatao 11,000 huzaliwa na seli mundu nchini Tanzania. Mtoto wa namna hiyo huweza kupatwa na maumivu makali akipungukiwa maji mwilini, akichoka kupita kiasi au akiingia katika maji baridi. Abebe chupa yake ya maji, aruhusiwe kupumzika bila kuulizwa mara mbili, na asilazimishwe kuoga ziwani. Mwenye kifafa asiachwe peke yake karibu na maji hata kwa nukta moja. Akianguka, alazwe ubavu na asitiwe kitu mdomoni. Povu lake haliambukizi, na imani kwamba linaambukiza imewafanya watu wengi wasimame mbali mtoto akiwa hatarini. Mwenye pumu asafiri na dawa yake ya kuvuta.

Mahali pa kujifunzia

Msafara wa gharama hauhitajiki. Miembe ya Ujiji, mji ambao Livingstone na Stanley walikutana mwaka 1871, inatosha kwa somo la historia, la wadudu na la kivuli. Mwalo wa Kibirizi hufundisha lishe: dagaa huliwa mzima na mifupa yake, ndiyo maana ana madini mengi ya chokaa. Hufundisha pia sababu ya serikali kusitisha uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wapate kuzaliana. Bonde la Mto Luiche, kusini mwa Ujiji, likitazamwa kutoka mahali palipoinuka, huonyesha wazi udongo wa milimani unavyofika ziwani.

Gombe yenyewe inahitaji tahadhari ya aina nyingine. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwaua na kuwalemaza baadhi ya sokwe wake, wakati ambapo polio ilikuwa imejitokeza miongoni mwa watu wa mkoa huo. Mafua ya binadamu nayo huweza kumuua sokwe. Hivyo watoto wadogo hawapelekwi kuwafuata sokwe msituni. Sababu ya katazo hilo ni somo zuri la afya kuliko hata safari yenyewe: magonjwa huvuka kutoka kiumbe kimoja hadi kingine, na umbali ni kinga.

Kabla ya kutoka shuleni

Kituo cha afya kilicho jirani na shule kinaweza kumsaidia mwalimu kwa mambo machache:

1. Kupitia orodha ya wanafunzi na kuwatambua wenye ualbino, seli mundu, kifafa, pumu au ulemavu, kwa siri na kwa ridhaa ya wazazi.
2. Kutembelea eneo la somo siku moja kabla, kutazama magugu, konokono, kinyesi na kina cha maji.
3. Kuhakikisha kila mtoto ana viatu, kofia au kitambaa cha kichwa, na maji salama ya kunywa.
4. Kuwafundisha walimu huduma ya kwanza, ikiwamo ya aliyeumwa na nyoka: kiungo kitulizwe, kisichanjwe wala kufungwa kwa nguvu, na mtoto awahishwe hospitali.
5. Kukubaliana mapema nani atapigiwa simu na chombo gani cha usafiri kitatumika dharura ikitokea.
6. Kuwahesabu watoto wakati wa kutoka, wanapofika, na wanaporudi.

Mzazi naye ana sehemu yake. Badala ya kuuliza jioni mtoto amepata alama ngapi, anaweza kuuliza ameona nini. Jibu litamwonyesha mengi kuhusu njia anayopita mwanawe na maji anayoyagusa.

Manufaa ya haya yote hayatapimwa kwa mtihani wa darasa la saba. Yatajulikana katika chumba cha daktari, mtoto anapoletwa akilalamika tumbo na kuulizwa huwa anaoga wapi. Yule aliyefundishwa kando ya ziwa atajibu bila kusitasita: kule penye magugu, karibu na kijito, saa za mchana. Kwa jibu hilo moja mganga atajua apime nini, na huenda watoto wengine wote wanaooga hapo wakatibiwa kabla hawajaanza kuumwa.